Kuokoka kuna madeni yake: mbona siku hizi hatusikii mtu akirudisha alichoiba?

Mjukuu wa Mlokole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wa Bwana Yesu asifiwe, amina. Wa Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Na ndugu zetu Waislamu karibuni, uzi hauna geti.

Kuna jambo linanikera muda mrefu. Nikisikia mhubiri anatangaza somo la "gharama ya kumfuata Yesu" huwa najua tutaishia wapi hata kabla hajafungua Biblia: kwenye bahasha. Inasomwa Luka 14, "Maana ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama", halafu dakika kumi baadaye mnara umekuwa mnara wa kanisa lenyewe na gharama imekuwa nondo na saruji. Sipingi ujenzi. Paa likivuja tunalowa wote. Lakini someni sura yote kuanzia aya ya 25, hamtakuta mchango humo. Mtakuta baba na mama, msalaba, na mtu kuacha vyote alivyo navyo.

Sasa ruka sura chache uende kwa Zakayo. Yule mtoza ushuru hakupeleka kitu hekaluni. Alisimama nyumbani kwake mbele ya wageni akasema nusu ya mali ni ya maskini, "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Hiyo mara nne hakuiokota njiani. Ndiyo adhabu ya mwizi wa kondoo katika Kutoka 22. Zakayo, mtu mkubwa na ofisi yake, alijihukumu kama mwizi wa mifugo. Na baada ya hesabu hiyo ndipo aliposikia kwamba wokovu umefika nyumbani mwake.

Wazee wetu wa uamsho hili walilielewa bila semina. Septemba 1929 pale kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini kule Rwanda. Wakasoma na kuomba pamoja. Moto uliotoka hapo ulipita Rwanda, Kigezi, Burundi, ukavuka kuja kwetu Kagera, ukaingia Kenya, ukafika hadi Dodoma. Wao walijiita ndugu. Watu wakawaita Walokole. Alama yao kubwa ilikuwa kutubu waziwazi na kurudisha. Mtu akiokoka kijijini, majirani walikaa mkao wa kupokea vitu vyao! Kodi iliyokwepwa ililipwa, kifaa cha mwajiri kilirudi, chuki ya siri ilipelekwa kwa mwenyewe. Askofu Festo Kivengere, ambaye kabla ya uaskofu alifundisha shule hapo Dodoma, alikuwa akisimulia jinsi alivyopanda baiskeli mwendo mrefu baada ya kuokoka kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyekuwa anamchukia.

Na walilipia. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwemo, kwa sababu hawakukubali kunyamaza. (Niseme ukweli, walikuwa wasumbufu. Watu wanaamka kabla ya alfajiri kukuhubiria dhambi zako chuoni kwako! Ningekuwa mkuu wa chuo na mimi ningekosa usingizi.)

Swali langu kwenu: hiki kitu kimepotelea wapi? Tunaokoka kwa maelfu viwanjani. Mbona hakuna anayegongewa mlango na mtu aliyekuja kulipa?

Kinyozi wa Manzese

Mkuu unataka watu wafe. Hebu jaribu leo uende halmashauri useme, "Jamani nimeokoka, nilikula milioni mbili za mradi wa maji, nimekuja kuzirudisha." Kwanza hawana kontrol namba ya toba. Pili, watakaa kikao kujua umetumwa na nani. Tatu, litakuja gari la kukupeleka Milembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Na wale uliokula nao wataokoka usiku huohuo kwa hofu.

Askari wa Msalaba

Mpendwa mwanzisha uzi, kwa upendo nakurekebisha. 2 Wakorintho 5:17, ya kale yamepita tazama yamekuwa mapya. Damu imelipa yote. Ukimwambia mtu aanze kulipa dhambi zake unamrudisha kwenye sheria. Zakayo alitoa kwa furaha, hakudaiwa na mtu. Sadaka nayo ni gharama, usiidharau.

Mjukuu wa Mlokole

Askari, Damu imelipa ulichokuwa unadaiwa na Mungu. Gunia la jirani lilikuwa la jirani, na bado halijarudi kwake. Kuhusu sadaka tusibishane mimi na wewe, nenda Mathayo 5:23-24. Mtu yuko madhabahuni, sadaka mkononi, anakumbuka ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache palepale aende kwanza apatane. Sadaka inasubiri. Makanisa yetu mangapi yangekubali bahasha isubiri?

Na Kinyozi, nimecheka, lakini hoja yako ni ya kweli kuliko unavyodhani. Nitairudia.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu sisi Wakatoliki hili halijapotea, limesahauliwa tu na wanaokimbia foleni ya kitubio. Ukiungama wizi, padre anakuondolea dhambi lakini wajibu wa kurudisha unabaki palepale. Hufuti deni kwa kusali Salamu Maria kumi. Kama mwenye mali hajulikani au amekufa bila warithi, kinakwenda kwa maskini. Ila ungamo ni siri, hatusimami barazani kutaja. Hapo ndipo tulipoachana na ndugu zako Walokole.

Abuu Twalib

Asanteni kwa kukaribisha. Na kwetu ni hivyohivyo. Toba baina yako na Allah ina masharti yake, lakini ikiingia haki ya mja linaongezeka moja: umrudishie haki yake au akusamehe mwenyewe. Haki za waja ni nzito sana. Nimepita tu.

Mjukuu wa Mlokole

Ahsante Abuu, na shikamoo Katekista.

Ngoja niwape kisa cha nyumbani ili msidhani nasoma vitabuni. Marehemu babu yangu alikuwa karani wa mzani kwenye kituo cha kununulia kahawa, miaka ya hamsini. Wakulima walileta kahawa ya maganda, gunia linapanda kwenye mzani wa jukwaa, karani anasogeza kijiwe kwenye mtaimbo mpaka ulale sawa, anasoma ratili, anaandika. Mizani ile ilikuwa na siri: jiwe dogo la upande wa pili linabeba uzito mara nyingi kuliko lenyewe. Babu alikuwa anabandika nta ya nyuki chini ya jiwe lile, kipande kidogo tu. Mkulima haoni kitu. Jiwe limekuwa zito kidogo, kwa hiyo gunia linaonekana jepesi, ratili mbili tatu zinapotea kila gunia. Jioni ile ziada inaandikwa kwa jina la mtu wake. Nta ikibanduliwa, mkaguzi akija anakuta mzani mzima.

Akaokoka kwenye mkutano wa ndugu. Siku ya kwanza alimwendea katibu wa chama akamweleza habari ya nta. Kazi ikaishia hapo. Kisha akaanza nyumba kwa nyumba. Hakuwa na orodha, alikuwa anakumbuka sura. Aliuza ng'ombe, akauza kipande cha kibanja, shamba la migomba la ukoo, na kwa Mhaya kuuza kibanja ni habari nyingine kabisa, ndugu walikaa naye kikao wakidhani amerogwa. Wengine walipokea wakamkumbatia. Wengine walipokea wakamtukana. Mama mmoja mjane alikataa pesa. Alimwambia mwaka ule mtoto wake wa kiume alikosa ada kwa sababu kahawa "haikufika", sasa yuko ziwani anavua, je, amekuja na ule mwaka mfukoni? Babu hakuwa na jibu. Mpaka anakufa alikuwa akimwamkia mama yule kila wakipishana, na mama alikuwa anaitikia kwa kunyanyua mkono tu, bila neno.

Bint Muleba

Kisa kizuri. Sasa malizia. Baba yako alisoma mpaka darasa la ngapi?

Mjukuu wa Mlokole

La nne, dada. Pesa ya kuendelea haikuwepo. Analisema mpaka leo, na hasemi kwa furaha.

Bint Muleba

Nilijua. Kaka yangu, na mimi ni mjukuu wa mlokole wa hukohuko Kagera, ila upande ambao hamuusimulii. Bibi yangu alikuwa mke wa pili. Babu akaokoka, akaambiwa huwezi kuwa ndugu na wake wawili, akamrudisha bibi kwao na watoto wanne. Jumapili iliyofuata babu anashuhudia mbele ya kanisa, watu wanaimba Tukutendereza, ule wimbo wa Walokole, machozi, vigelegele. Bibi wakati huo analima shamba la kuazima kwa kaka yake na shemeji anahesabu kila mkungu wa ndizi. Babu akawa mzee wa kanisa. Bibi alikuja kubatizwa uzeeni.

Si hilo tu. Kulikuwa na huo mtindo wa kutubu hadharani na kutaja majina. Mwanaume anasimama anasema "nilizini na fulani", yeye anakuwa mwepesi kama unyoya, huyo fulani aliyekaa benchi la nyuma na mume wake anarudi nyumbani kufanywa nini? Gharama ya ufuasi, sawa. Nauliza aliyeilipa ni nani.

Kinyozi wa Manzese

Uzi umenoga. Nasogeza kigoda.

Mjukuu wa Mlokole

Bint Muleba, hapo umegusa nilipokuwa naelekea, na umefika kwa uchungu kuliko mimi.

Kwangu kipimo ni hichohicho: nani analipa? Babu yangu alipouza kibanja, ada ya baba yangu ilikwenda, ni kweli. Lakini ile ada ilikuwa nta. Ilikuwa kahawa ya mama yule mjane na wenzake. Baba alinyimwa kitu ambacho tangu mwanzo kilikuwa cha mtoto mwingine, yule aliyeishia ziwani. Inauma, ila si dhuluma. Babu yako alifanya kinyume. Alikuwa na deni kwa bibi yako, deni la ndoa na watoto wanne, akaliita deni hilo dhambi, akalitua mgongoni kwake akamtwika mwenye haki yake. Huko ni kuokoka kwa mkopo wa mtu mwingine.

Na makanisa yenyewe yamekuja kuliona, polepole kama kawaida yao. Mwaka 1988 maaskofu wa Anglikana duniani walikutana Lambeth wakakubaliana kwamba mwenye wake wengi akiamini anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, asioe tena, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote kwa sababu ya hasara itakayompata mke huyo. Soma sababu yake: wameangalia hasara inaangukia nani. Kwa bibi yako walichelewa.

Bint Muleba

Walichelewa sana. Lakini nimekuelewa.

Dada wa Makole

Samahani kuingilia, huwa nasoma tu siandiki. Hili si la mfano, lipo.

Kuna mtu wa karibu yangu, mtumishi wa umma, ameokoka mwaka jana na ameokoka kweli, tabia imebadilika. Alifeli kidato cha nne. Akatumia cheti cha mtoto wa mama yake mdogo, na jina lake. Kazini, benki, hata kwenye kitambulisho anaitwa jina la yule ndugu yake. Uhakiki wa vyeti ule wa 2017, mnakumbuka walipotangazwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi pale Dodoma, yeye alipita. Cheti si feki, ni halisi, mwenyewe ndiye si yeye. Ana mke na watoto watatu, wa kwanza yuko sekondari.

Sasa halali. Amemwendea mchungaji, kaambiwa afunge siku tatu na atoe sadaka ya kukata mnyororo. Ametoa. Bado halali. Mnasemaje?

Askari wa Msalaba

Dada, shetani ni mshitaki wa ndugu. Huyo amwambie shetani nimesamehewa na aendelee kutumikia taifa kwa uaminifu. Akiacha kazi watoto watakula nini? Mungu si katili.

Wakili Asiyevaa Joho

Ushauri wa bure ambao thamani yake ni hiyohiyo: asiandike barua yoyote, asikiri kwa mkuu wake wa kazi, wala asishuhudie kanisani kwenye kipaza sauti, kabla hajakaa na wakili wake mwenyewe. Kuna masuala ya jinai humo na kuna masuala ya mishahara. Wale wa 2017 waliondolewa kazini, na ni mwaka 2022 tu serikali iliporuhusu warudishiwe michango yao wenyewe ya hifadhi ya jamii. Kutubu ni kwema, lakini kutubu bila wakili ni kujiletea mengine.

Kinyozi wa Manzese

Kwani serikali inamdai nini? Kazi amefanya. Mshahara ni jasho lake. Mimi ningenyamaza mpaka kustaafu.

Mjukuu wa Mlokole

Wakili, ubarikiwe, naunga mkono hoja. Dada wa Makole, pole sana. Nina swali moja kabla ya yote: yule ndugu yake mwenye cheti, yuko wapi na anafanya nini?

Dada wa Makole

Anaendesha bodaboda, hukuhuku Dodoma. Aliwahi kutaka kwenda chuo akaambiwa namba yake ya mtihani inaonekana ina mtu tayari. Akadhani ni makosa ya mtandao. Akajaribu tena mwaka uliofuata, vilevile. Akaacha.

Katekista Mstaafu

Yesu na Maria.

Bint Muleba

Kumbe mwenye mali anajulikana, na tumejibizana muda wote huu kuhusu serikali.

Mjukuu wa Mlokole

Ndiyo maana niliuliza. Jamani oneni lilivyo. Mchungaji alipelekewa, sadaka ikatolewa, shetani kakemewa, serikali tumeijadili, mke na watoto tumewaonea huruma, na ni haki kuwaonea. Hakuna aliyemkumbuka wa bodaboda. Ndiye mjane wa mzani. Huyu jamaa akiacha kazi kesho bila kumwona ndugu yake, atakuwa amejiadhibu na hajalipa kitu. Akiendelea na kazi akitoa zaka kila mwezi, ni Marko 7, ile Korbani: kitu ambacho mzazi wako angefaidiwa nacho umekitangaza ni cha Mungu, umemfungia mlango kwa kufuli la dini.

Kinyozi, umesema hakuna kontrol namba ya toba. Kwa serikali labda. Huyu ndugu yake ana namba ya simu.

Mwana wa Murang'a

Wakuu mimi ni Mkenya, nawasoma kutoka Murang'a. Naona mnaongea juu ya nani analipa, acha niongeze ya huku.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wa uamsho, tuliowaita Ahonoki, walibanwa pande mbili. Mau Mau waliwataka wale kiapo. Walikataa, wakasema wameshakunywa kikombe cha damu ya Kristo, hawawezi kunywa kingine juu yake. Wengi wao serikali ilipowapa bunduki wawe homugadi, askari wa kijiji wa kupigana na Mau Mau, wakakataa pia, kwamba hawawezi kumpiga risasi mtu ambaye Yesu alimfia. Ukikataa zote mbili hauna rafiki usiku wala mchana. Kuna waliouawa kwa panga nyumbani kwao.

Hapa mjini tuko na kanisa la kuwakumbuka, Mtakatifu James na Mashahidi Wote. Askofu Mkuu wa Canterbury ndiye aliweka jiwe la msingi 1955. Ukiingia ndani utaona picha tano kubwa ukutani alizochora Elimo Njau, huyo ni wenu, mzaliwa wa Marangu. Alimaliza 1959. Yesu ni Mwafrika, anazaliwa, anabatizwa, anakula na wanafunzi, anaomba Gethsemane, anasulubiwa, na yote yanatendeka kwenye migongo hii yetu ya Murang'a, na mimea yetu. Wakati picha hizo zinachorwa, watu wengine walikuwa hawajatoka kambini bado.

Kinyozi wa Manzese

Samahani Mkenya, siulizi kwa ubaya. Wenzao wako msituni wanadai ardhi, wao wanasema tumeokoka. Si ndio waliomwachia mzungu shamba?

Mwana wa Murang'a

Si ubaya, hata sisi hiyo swali tunaulizana kwa meza na wazee wanakasirika. Jibu langu ni hili. Kulikuwa na waliojiita Wakristo wakachukua bunduki ya serikali, na vita vilipoisha wakatoka na mashamba ya waliofungwa. Hao siwatetei, dini yao ililipwa na jirani. Lakini guka yangu, yaani babu, hakuchukua kiapo na hakuchukua bunduki, na mashamba yalipogawanywa hakuongezewa hata futi moja. Unaweza kumwambia alikosea siasa. Huwezi kumwambia alifaidi.

Mzee wa Mutukula

Nimeupenda uzi. Sisi wa mpakani tuna la Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda. Askari wa Amin walivamia nyumba yake usiku, Februari 1977, wakitafuta silaha. Angeweza kunyamaza, upekuzi uliisha hawakupata kitu. Yeye na maaskofu wenzake wakaandika barua kwa Amin, na hawakulalamikia upekuzi tu, waliwasemea watu wanaouawa ovyo nchini. Tarehe 16 Februari akaitwa na utawala wa Amin, hakurudi. Aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi. Redio ikasema ajali ya gari. Namirembe kaburi lilishachimbwa, mwili haukuletwa, ulipelekwa Mucwini kwao kaskazini. Watu wakaja Jumapili hivyohivyo wakasimama kwenye kaburi tupu wakaimba.

Nimelileta kwa sababu ya hicho kipimo chenu. Luwum alikuwa mlokole tangu 1948. Alichokilipia ni haki ya watu wengine.

Askari wa Msalaba

Sawa, hao ni mashujaa wa imani. Lakini tusiwabebeshe watu wa kawaida mizigo ya mashahidi. Dada amekuja na tatizo la mtu mwenye watoto watatu.

Mjukuu wa Mlokole

Hapo tunakubaliana, Askari. Simtaki awe shahidi. Nataka apige simu.

Kama angeniuliza mimi, ningemwambia hivi. Aanze na mkewe, kwa sababu mzigo utamfikia na yeye, na hana haki ya kuusikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa watu. Halafu wakili. Halafu ndugu yake, uso kwa uso, pasipo mchungaji wala mashahidi wa kanisa wa kumfanya yule mwingine aone aibu kukasirika. Asianze na "naomba unisamehe", aanze na alichofanya, chote, mpaka ile miaka miwili ya chuo. Kisha amwache aseme anachotaka. Huenda akataka pesa, au jina lake lisafishwe ili asome, na hapo kazi itakwenda. Huenda akamtandika ngumi. Walawi 6 inasema rudisha kitu kamili na uongeze sehemu ya tano, na umpe mwenyewe. Hawezi kujipangia yeye kiwango akiwa amejifungia chumbani na Mungu.

Na watoto, Bint Muleba aliniuliza vizuri juu ya baba yangu. Sina maneno matamu. Wataumia. Ila sasa hivi kuna watoto wengine wanaoumia, wa yule wa bodaboda, isipokuwa hao hatujawahesabu idadi.

Bint Muleba

Naongeza moja. Mke wa huyo bwana asiambiwe na mtu kwamba "huo ndio msalaba wako, mama". Msalaba ni wa mumewe. Kama kanisa lina fedha ya mnara, libebe ada ya huyo wa sekondari mwaka mmoja. Hiyo nayo ni gharama ya ufuasi, ya wengine wote waliokuwa wanapiga vigelegele alipookoka.

Katekista Mstaafu

Naunga mkono hoja kwa mikono miwili.

Kinyozi wa Manzese

Mimi kanisani naingia harusi na msiba tu, lakini kanisa likifanya hivyo niiteni, nitawanyoa bure mwezi mzima.

Dada wa Makole

Nimerudi. Nimemsomea uzi wote, nikaruka matusi. Alinyamaza muda mrefu. Mkewe ameshaambiwa, yuko kwao kwa sasa, hajasema anarudi lini. Ndugu yake amepigiwa simu akakata, baadaye akatuma ujumbe: "Nilikuwa nahisi. Njoo kijiweni, usije na mtu." Wanaonana Alhamisi.

Wakili, kuna mtu Dodoma anayefanya kesi za namna hii bila kumla mtu mifupa?

Wakili Asiyevaa Joho

Yupo. Nakutumia namba kwenye ujumbe binafsi. Amwone kabla ya Alhamisi, si baada. Aende na nakala ya cheti, barua ya ajira na hati za mshahara, na asipunguze kitu kwenye maelezo, maana wakili akidanganywa hana msaada.

Mjukuu wa Mlokole

Na mwambie kijiweni asipeleke bahasha siku ya kwanza. Aende kusikiliza.